Mkono wa Kuazima

Katika maigizo yote aliyocheza Abdulkarimu, hakuna hata moja ambamo alimwoa msichana mzuri. Kazi hiyo walipewa vijana wenye vifua vipana na meno meupe, waliokaa kikundini msimu mmoja au miwili, wakasifiwa, wakavimba vichwa, wakapanda treni ya Dar es Salaam na kupotelea huko. Yeye alibaki. Jukwaani alikuwa mlevi, karani wa mahakama mwenye mafua, mganga wa uongo, baba mkwe bahili. Mwaka mmoja, Safina, mwigizaji mwenzake, aliposhikwa na uchungu wa kujifungua asubuhi ya onyesho, Abdulkarimu alijifunga kanga zake akawa mama mkwe, na Ujiji ikacheka mpaka wazee wawili wa msikitini wakamfuata nyumbani kumsihi asirudie tena.

Wapo wanaodhani kwamba nafasi ndogo ni ya mtu mdogo. Upuuzi mtupu. Bwana harusi akisahau maneno yake, watu humvumilia kwa sababu ya sura. Mlevi akikosea hata namna ya kushika chupa, hakuna anayemwamini mtu yeyote jukwaani tangu hapo. Abdulkarimu alilijua hilo, na alijiwekea nia moja tu maishani: azeeke akiigiza, na siku moja, mtu mmoja, asiyemjua, amfuate nyuma ya pazia amwulize, "Ile umeifanyaje?" Hakutaka zaidi ya hapo. Nywele zilianza kumtoka, na swali hilo alikuwa bado hajaulizwa.

Kilichomlisha kilikuwa kahawa. Alizunguka na birika lenye jiko dogo la makaa chini yake, akigonganisha vikombe, kutoka Ujiji hadi mtaa wa Mwanga, na kila alipomimina alitazama. Namna ya kutazama watu aliiita kuazima. Kwa mchuuzi wa dagaa wa ufukweni Kibirizi aliazima kufumba macho wakati wa kutaja bei; kwa mstaafu mmoja wa reli, kujikuna sikio kabla ya kusema uongo. Kwa kila mtu alichukua kitu kimoja tu, na hakumwambia mtu alikitoa wapi. Aliona ni haki. Mtu hapungukiwi kitu kwa kuazimwa namna yake ya kukohoa.

Mteja wake wa kila asubuhi pale Mwanga alikuwa Gervasi, fundi cherehani. Huyu alikuja ule mwaka Ziwa Tanganyika lilipojaa watu, maboti yakifika kutoka ng'ambo ya Kongo yamebeba magodoro, mbuzi, wagonjwa na watoto waliopotezana na mama zao. Wengi walipelekwa makambini. Wachache wenye ufundi mikononi waliteleza wakabaki mjini, na mji haukuwauliza sana, kwa kuwa nusu ya Ujiji wenyewe babu zao walitoka ng'ambo hiyohiyo. Gervasi alipata baraza, akapata cherehani, na baada ya muda mfupi hata mabwana wa serikali walikuwa wakipanga foleni kwake, maana hakuna aliyekata suruali kama yeye. Alisema kwa sauti ya chini. Alikunywa vikombe viwili, akashukuru, akarudi kwenye kitambaa chake.

Na alikuwa na jambo lake. Nguo ikishakwisha na mteja ameivaa, Gervasi husimama mbele yake, akaishika kola kwa vidole viwili, akainyoosha taratibu, kisha akampigapiga begani mara mbili, polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Simama vizuri," humwambia. Na mtu husimama vizuri. Abdulkarimu mwenyewe, siku alipofanyiwa hivyo kwa shati lake la Idi, alijisikia ameongezeka kimo. Alirudi nyumbani akiwa na furaha isiyo na maana, na njia nzima alikuwa akijaribu mkono ule hewani.

Hakujua atautumia wapi. Ulikaa kwake miezi mingi, mpaka shirika moja lilipokuja kwa Bi Jovita, afisa utamaduni, likiomba igizo la amani la kuonyeshwa makambini. Bi Jovita alikuwa mwanamke wa Bukoba aliyehamishiwa Kigoma, mkali wa muda na mkali wa sauti. Alimpa Abdulkarimu nafasi ya mkuu wa kizuizi barabarani, yule anayewasimamisha wakimbizi na kuamua nani apite na nani asipite.

"Mzee Karimu, hapa nataka ungurume," alimwambia. "Watu waogope."

"Bi Jovita, anayeunguruma anaogopesha mbwa. Niachie."

Siku ya mazoezi, kijana aitwaye Januari, aliyecheza mwalimu anayekimbia vita, aliletwa mbele ya mkuu wa kizuizi akitetemeka kwa kujitahidi. Abdulkarimu alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akamshika kola kwa vidole viwili, akainyoosha taratibu, akampigapiga begani mara mbili. "Simama vizuri," akasema kwa upole. Januari aliacha kutetemeka kwa kuigiza, akaanza kutetemeka kweli. Ukumbi ulinyamaza. Bi Jovita alisahau kumaliza maelekezo yake, akauliza tu, "Hiyo umeitoa wapi?"

"Kichwani," akajibu Abdulkarimu, kama kawaida yake. Swali la Bi Jovita halikuhesabika. Yeye alikuwa wa nyumbani.

Gervasi hakujua. Ndiye aliyewashonea mavazi ya igizo, lakini hakuwahi kuja kutazama. Alisema vumbi la viwanjani linamsumbua kifua.

Wakaenda kambini kwa lori. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wamekaa chini, watoto mbele, wanawake na vibuyu na madumu yao pembeni. Mwanzoni walicheka, kwa sababu Abdulkarimu hata akitembea tu alikuwa na kichekesho. Kisha ikafika sehemu ya kizuizi. Alinyoosha kola ya Januari, akampiga begani, mara ya kwanza, mara ya pili. Alitegemea ukimya, aliuzoea. Ila huu haukuwa wa mazoezini. Wanawake kadhaa upande mmoja walijifunika nyuso kwa vitenge, wote pamoja, na mmoja katikati yao alisimama. Hakupiga kelele wala hakuondoka. Alisimama hivyo hadi mwisho, mtoto mdogo amelala mgongoni mwake.

Baada ya onyesho alimfuata nyuma ya lori. Abdulkarimu alikuwa akijifuta jasho. Mwanamke alikuwa mrefu, amekonda, bado kijana ingawa uso ulikataa.

"Baba, jambo."

"Jambo, mama."

"Ule mukono wa kola. Nani alikufundisha?"

Swali la maisha yake, basi, lilikuwa limekuja, na kutoka kwa mtu asiyemjua kabisa. Tusimhukumu kwa furaha iliyompanda. Alitabasamu. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme "kichwani," huku akitamani kwa mara ya kwanza kusema ukweli, kueleza jinsi alivyoutazama mkono ule, jinsi siri yake ilivyokuwa katika ule upole. Ndipo akaona kwamba mwanamke hatabasamu.

"Mi naitwa Veneranda," alisema. "Bwana yangu alikuwa mwalimu, Feliksi. Tulikuwa tunakimbilia ziwa. Wakatusimamisha pa kizuizi. Mukubwa wao hakuwa napiga kelele. Alikuwa napita tu mbele ya watu, naangalia. Akikuacha, unapita. Akishika kola yako, akiinyoosha, akikupiga pa bega mara mbili, wanakupeleka nyuma ya migomba. Ule mutu harudi." Alimpandisha mtoto mgongoni. "Alimwambia bwana yangu, simama vizuri. Na Feliksi akasimama muzuri. Alifikiri ni heshima."

Abdulkarimu alihisi mkono wake wa kulia umekuwa mzito. Aliuficha nyuma.

"Wewe si yeye," Veneranda akaendelea. "Yeye ni mweupe kidogo, mufupi. Lakini huwezi kuokota ule mukono njiani. Umemuona. Iko wapi?"

Hapa ndipo angeweza kusema. Jina lilikuwa mdomoni, na askari wa kambi walikuwa palepale wanakunywa chai. Badala yake akasema, "Mama, nipe siku chache. Nitakuletea jibu."

"Hapana kunidanganya, Baba."

"Wallahi sikudanganyi."

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe, Nasra, ambaye alisikiliza akichambua mchele, akasema neno moja: "Polisi."

"Mtu nimenywa naye kahawa kila asubuhi. Amenishonea. Niende nimsemee polisi kabla sijamwuliza mwenyewe? Watatuita watu gani?"

"Watatuita watu wenye akili."

"Pengine ni mkono wa mafundi wote wa kwao. Pengine walifundishwa na fundi mmoja."

Nasra alimtazama, akarudi kwenye mchele wake. Alijua hatasikia. Ujiji ndivyo ilivyomlea: mtu hasemwi kwa wenye mamlaka kabla hajaketishwa, akaulizwa, akapewa nafasi ya kujitetea au kuona haya. Ni ustaarabu mzuri sana. Umetatua ugomvi wa mashamba na wa ndoa tangu enzi za mababu. Lakini ustaarabu huo ulitungwa kwa ajili ya watu wanaogombana na kesho wataonana sokoni, na Abdulkarimu, mtu mzima, msomaji wa watu, aliuchukua mzimamzima akaupeleka kwa mtu wa namna nyingine.

Asubuhi alimkuta Gervasi akishona koti. Lilikuwa la Abdulkarimu, kwa ajili ya safari ya Dar: redio moja ilimtaka kwa mchezo wa kuendelea wa kila wiki, nafasi ndogo lakini ya kudumu, na Bi Jovita ndiye aliyemhangaikia. Alimimina kikombe cha kwanza. Alizungumza habari za barabara, za vumbi, za lori lililokwama. Alimimina cha pili.

"Fundi, kambini kuna mama mmoja," akasema hatimaye. "Anasema mkono ninaoutumia kwenye igizo anaujua."

"Mkono gani?"

Abdulkarimu aliuonyesha. Alinyoosha vidole viwili kuelekea shingoni mwa Gervasi, hakumgusa, akaishika kola ya hewani, akapiga bega la hewani mara mbili.

Gervasi aliutazama kwa makini ya fundi anayekagua mshono wa mwenzake. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na Abdulkarimu, aliyetumia maisha yake yote kusoma nyuso, hakusoma kitu.

"Umeupata vizuri," Gervasi akasema. "Kidole hiki tu, kilegeze." Akamaliza kahawa yake. "Yule mama anaitwaje?"

Abdulkarimu alishtuka. Akasema hamjui jina. Huo ndio uongo pekee wa siku zile anaoweza kujivunia.

"Dunia ina mikono mingi, Mzee Karimu. Njoo kesho uchukue koti." Akaukanyaga ubao wa cherehani, na mashine ikaanza kulia.

Abdulkarimu aliondoka akiwa na nafuu. Ndiyo, nafuu, tusifiche. Alijiambia kwamba mtu mwenye hatia angetetemeka, angekasirika, angeapa. Alisahau alichomfundisha Bi Jovita mwenyewe, kwamba anayeunguruma anaogopesha mbwa.

Kesho yake mlango wa baraza ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani alisema fundi ameondoka tangu alfajiri, na begi moja, kuelekea maboti ya Kibirizi. Cherehani ilibaki. Koti la Abdulkarimu lilining'inia kwenye msumari nje, limekwisha, limepigwa pasi, kola imenyooshwa. Alipolivaa lilimkaa mwilini kana kwamba alizaliwa nalo, na palepale barabarani, watu wakipita, akatapika.

Alikwenda polisi akiwa amechelewa. Waliandika maelezo yake, wakamwuliza kwa nini hakuja mapema, na kila jibu alilotoa lilimfanya aonekane mjinga. Ng'ambo ya ziwa bado kulikuwa na vita. Nani angemfuata mtu huko? Alirudi kambini, safari hii kwa baiskeli ya kuazima, na koti begani, akamweleza Veneranda yote. Alitegemea matusi. Aliyataka.

Veneranda alikuwa akimnyonyesha mtoto, binti aliyeitwa Mapendo. Ndiye aliyekuwa mgongoni siku ya kizuizi, angali mchanga wa siku chache.

"Ulienda kumuuliza," alisema. "Na kahawa."

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Vaa hiyo koti. Fanya tena ule mukono."

Alilivaa. Alifanya, hewani. Veneranda aliangalia bila kupepesa.

"Sawa. Sikia, Baba. Mi sina picha yake, sijui jina yake ya kweli. Kitu nabaki nayo ni ule mukono, na uko kwako. Usiache. Kila fasi unacheza, ucheze ule mutu. Hapa, Kasulu, mbali, fasi yote watu wanakimbilia. Wako wengine walipita pale. Siku moja mutu ataamuka, atasimama katikati ya watu, kama mi niliamuka. Atasema, huyo, mi najua pale anaishi."

Abdulkarimu aliapa. Akarudi mjini, akamwambia Bi Jovita kwamba haendi Dar.

"Unachezea bahati!" Bi Jovita alipandisha sauti. "Umeingoja miaka yote hii! Redio ya nchi nzima, Mzee Karimu!"

"Kwenye redio mkono hauonekani," akasema, na hakueleza zaidi.

Basi ndivyo alivyopata kazi ya kudumu. Mlevi alikufa, karani akafa, mama mkwe wa kanga za Safina akafa. Akabaki mtu mmoja tu. Shirika lilipoacha kufadhili igizo lile, alilikata likawa fupi, akalicheza na Januari peke yao, kwenye vituo vya wakimbizi, minadani, shuleni, Kasulu, Kibondo, hadi vijiji vya Kagunga mpakani ambako maboti yalikuwa yakileta watu wengine wa vita vingine. Kila alipofika kwenye kola hakumtazama Januari. Alitazama watu. Alipita uso mmoja baada ya mwingine akitafuta atakayesimama.

Alisifiwa sana. Wageni walimpiga picha. Watoto wa mtaa wa Gungu walimwita Bwana Kola, na walipogombana walinyoosheana kola kabla ya kupigana. Wengi walilia. Mara moja moja mtu alijifunika uso, na Abdulkarimu alimfuata baadaye, lakini huyo alikuwa amekumbuka kizuizi kingine, mtu mwingine, mkono mwingine. Hapo ndipo alipojifunza kwamba vizuizi vilikuwa vingi kuliko alivyofikiri, na hilo lilimzeesha. Hakuna aliyemwuliza tena alifundishwa na nani. Nasra alilalamika kwamba sasa hata nyumbani hacheki, na kwamba akimtazama mtu anaonekana kama anayeamua jambo.

Miaka ikapita. Vita vya ng'ambo vikapoa, ikatangazwa kwamba wanaotaka kurudi watarudishwa kwa meli kutoka bandari ya Kigoma. Abdulkarimu alisikia kwamba Veneranda amejiandikisha. Siku ya safari alivaa koti lake, ingawa jua lilikuwa kali na kitambaa kilikuwa kimechakaa viwiko. Alitaka amuage kwa heshima, na amwambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hajampata.

Gati lilikuwa limejaa mabati, vitanda, kuku kwenye vikapu, wazee waliobebwa. Alimkuta kwenye mstari, ameshika dumu la mafuta. Alikuwa ameota mvi. Pembeni yake alisimama Mapendo, binti wa miaka kumi hivi, amevaa blauzi mpya nyeupe ya shule kwa ajili ya kwenda kuiona nchi asiyoijua.

"Hakuna aliyesimama, mama," alisema. "Nimekwenda kote."

"Najua, Baba. Watu wanasemaka. Wanasema unacheza muzuri sana." Alimtazama kwa huruma, na ilikuwa mara ya kwanza. "Si kitu. Sasa umechoka. Acha. Upumuzike."

Abdulkarimu alijisikia amefunguliwa mzigo mgongoni. Machozi yalimtoka, hakuyazuia. Alitaka kusema kitu kizuri kwa mtoto, kitu cha babu kwa mjukuu anayesafiri. Blauzi mpya ilikuwa imekunjika shingoni, upande mmoja umeingia ndani. Alinyoosha mkono. Akaishika kola kwa vidole viwili, kidole kimoja kimelegea, akainyoosha taratibu, akampigapiga binti begani mara mbili.

"Simama vizuri, mama," akamwambia kwa upole.

Na Mapendo, aliyepewa heshima hiyo na mzee wa koti, akasimama vizuri.

Dumu lilianguka. Mafuta yalimwagika kwenye sakafu ya gati, watu wakaruka wakilalamika. Veneranda alikuwa ameshamvuta mtoto nyuma yake kwa nguvu, mpaka kifungo kikakatika, na alimtazama Abdulkarimu kwa macho ambayo mzee huyu alikuwa ameyatafuta kwenye nyuso za watu kwa miaka yote ile. Hatimaye kuna mtu alikuwa amemtambua.

"Mama Mapendo, ni mimi," alisema. "Ni mimi, Karimu."

Veneranda alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mkono umefunika shingo ya mtoto, mpaka mstari ukamsukuma kwenye ngazi. Hakusema kwaheri. Hakugeuka mpaka alipoingia ndani ya meli.

Abdulkarimu alibaki kwenye mafuta yaliyomwagika. Alivitazama vile vidole viwili, kisha akauingiza mkono mfukoni mwa koti, na mfuko uliupokea vizuri, kwa kuwa ulikatwa na fundi aliyekijua kipimo chake. Alirudi nyumbani kwa miguu bila kuutoa. Nasra alipomletea maji ya kunawa kabla ya chakula, alinyoosha mkono wa kushoto.